Kuvu Nyuma ya Kitanda

Jumatatu, 10 Novemba 1997
Kuvu ya ukutani imepanda hadi kupita mto wa kulalia. Nyeusi, yenye manyoya. Jumamosi shangazi wa mchumba wangu Mokeira, Mama Nyakerario, anatoka Kisii kuja hapa Migori kukagua ninavyoishi. Ndiyo desturi yetu: shangazi akikunja pua, uchumba umekwisha. Sijala.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemwita mwenye nyumba, Mzee Hamud. Akauliza kwa nini dirisha lina misumari. Nikamweleza: mbu, wezi, mvua. Nguo naanika wapi? Ndani. Chai napikia wapi? Ndani. Akasema basi nimefuga ziwa, nisubiri samaki tu. Akaniamuru niing'oe misumari. Nimemshukuru kwa heshima. Misumari ipo.

Alhamisi, 13 Novemba
Jana nilipaka chokaa. Asubuhi kuvu imejitokeza tena, sasa ina rangi ya chai. Ofisini Onyango amenusa koti langu akauliza kama nalala na muhogo uliovundikwa. Wote wakacheka. Nikacheka pia, kwa tahadhari.

Ijumaa, 14 Novemba
Nilitia jiko la makaa chumbani, nikafunga mlango, nikakaa nje kwa kuogopa sumu ya moshi. Niliporudi ukuta unatoka jasho. Chokaa imebanduka yote, imetapakaa sakafuni na kitandani. Nikashika ufagio. Jua likatua. Sabato imeingia, na kazi ni dhambi. Nimeuweka ufagio chini. Naomba mvua ikate barabara ya Kisii.

Jumamosi, 15 Novemba
Barabara iko salama. Mama Nyakerario amekuja moja kwa moja kutoka kanisani. Ametazama sakafu, kisha ufagio, akasema angalau kijana anashika Sabato. Nikapata matumaini. Akaomba dirisha lifunguliwe. Nikamwambia kung'oa misumari ni kazi. Akakubali, akakaa, akakohoa hadi kilemba kikaanguka. Akiwa mlangoni ametoa uamuzi: tabia nzuri, lakini Mokeira ana pumu, hatamleta azikwe humu. Atarudi Desemba. Akikuta hewa, wazee watakuja. Akikosa, nitafute msichana asiye na mapafu.

Jumapili, 16 Novemba
Nimetafakari maneno yake kwa makini. Nimenunua nailoni nzito, nimefunika ukuta wote, nikaibana kwa mbao. Kuvu haionekani hata chembe. Kisha nimepanda juu ya meza nikaziba matundu ya hewa kwa matambara, kuvu nyingine isiingie.

Desemba naingoja bila hofu. Macho tu yanawasha kidogo.