Ombi la Miguu Miwili ya Ng'ombe

Nyololo, Mufindi
Juni 1976

Ndugu Mkuu wa Leseni za Uchoraji wa Mabango,

Pole na kazi, na pole na baridi. Mimi ni Asukile, mchoraji wa mabango hapa Nyololo. Majuzi ofisi yako ilinipandisha kutoka daraja la pili hadi la kwanza, nikafurahi mpaka nikachinja kuku. Kumbe nimeharakisha! Karani wako ananieleza kwamba leseni ya zamani ilikufa pale pale mpya ilipoandikwa, na hiyo mpya nayo imelala mpaka iamshwe kwa muhuri. Muhuri uko Mbeya, na mwenye ufunguo wa kabati la muhuri kahamia Iringa. Hadi hapo wawili hao watakapokutana, nisiguse brashi. Mimi ni mtu wa kutii, nimeiweka chini. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

1. Barua ya kunipandisha ilinikuta juu ya ngazi, namchora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha la Mzee Nkuba. Nilikwishamaliza kichwa, pembe, kifua na miguu ya mbele. Nikashuka. Ng'ombe wa watu kaishia tumboni. Wateja wanasema hapo panauzwa upande wa mbele tu, na wanaotaka paja wanakwenda kwingine.

2. Karani akaongeza kwamba hata michoro yangu ya zamani haina uhai mpaka leseni iamke. Nikaifunika yote kwa magunia, pamoja na maandishi ya milango ya choo katika hoteli ya Mama Matilda. Jumapili mwalimu wa kwaya kaingia upande wa akina mama, katoka mbio, ndoo ya maji inamfuata mgongoni. Jamani! Tangu siku hiyo hanisalimii, na mimi nilitii tu.

3. Hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nampenda Nyamizi, binti wa huyo Mzee Nkuba, naye ananipenda. Nilipeleka posa. Mzee kajibu kwamba mwanamume anayeacha ng'ombe nusu ataacha na nyumba nusu, kwa hiyo nisikanyage kwake mpaka ng'ombe asimame kwa miguu minne. Na huku Jailos, dereva wa lori, kaanza kumletea Nyamizi mikate kutoka Mbeya. Mikate, Ndugu Mkuu! Roho inaniuma, sikufichi.

Basi, kwa heshima zote, kama kuiamsha leseni nzima ni kazi kubwa, naomba kibali cha muda cha miguu miwili tu. Mkia unaweza kusubiri bajeti ijayo. Na hilo likishindikana, ofisi itamke rasmi kwamba ng'ombe aliyekamilika ana miguu miwili, nami nitampelekea mzee tamko hilo kwa mkono wangu.

Nisalimie wote hapo ofisini, karani kwanza, maana sina kinyongo naye.

Ni mimi ambaye brashi yake inakauka,
Asukile

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha mambo yamegeuka. Madereva wa malori wanasimama kumcheka ng'ombe, na wakishasimama wananunua nyama. Leo imekwisha kabla ya adhuhuri, na Jailos mwenyewe kabeba kilo mbili. Mzee Nkuba ameniita mwanangu, posa ameipokea. Ila ameapa kwamba nikimwongezea yule ng'ombe hata ukwato mmoja, Nyamizi simpati. Ndugu Mkuu, nakupigia magoti, usiiamshe leseni yangu.