Mihogo Niliyoisifu Kupita Kiasi

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Wewe uliyefungua kurasa hizi, nakusihi, zifunge. Kama huwezi, soma kimya wala usimsimulie mtu. Usimwambie Madamu Ninsiima, afisa wa kilimo, na hasa usimwambie Nathalie. Mimi ni Aimable, karani wa ghala la ushirika hapa Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Kosa moja tu, nimekwisha.

Leo limefika lori la pingili za muhogo, vile vipande vya miti vya kupanda, kutoka Mbarara. Muhogo unaostahimili magonjwa! Msimu uliopita mama Chantal alichimba shamba zima, akapasua, na ndani kila muhogo ulikuwa na michirizi ya kahawia, umeoza kama jino. Wanawe walishindia uji.

Nathalie, anayekaanga mandazi mbele ya ghala, aliniuliza pingili hizi zina nini cha ajabu. Ningejibu tu kwamba ni aina ngumu. Lakini alikuwa ananitazama. Nikasema kwa sauti ya profesa kwamba ni GMO, zimebadilishwa vinasaba maabarani. Akasema, "Kumbe uko msomi hivi!" Akaniongezea andazi. Siku njema sana.

Jumanne, 16 Septemba

Siku mbaya sana. Hakuna aliyekuja kuchukua pingili. Hata mmoja! Nathalie anaapa alimwambia mteja mmoja tu, tena kwa siri. Kufikia saa nne Appolinaire, mwenye duka la unga jirani, alikuwa akitangaza kwamba atakayekula muhogo huu atazaa watoto wasio na kitovu. Bila shaka! Watu wakivuna, nani atanunua unga wake?

Mama Chantal alikuja dirishani. Yeye hakujali kitovu. Aliuliza: "Mwanangu, tukisha kuvuna, tutakata miti yetu tupande tena, ao kila mwaka tutarudia kwenu kupiga magoti?"

Nikasema nitachunguza. Akaondoka mikono mitupu. Iliniuma.

Jioni Madamu Ninsiima alipiga simu. "Wewe karani, kama hizo kitu ziko hapo mpaka Jumamosi jioni, napeleka kambi ingine, Oruchinga. Na wewe tutaongea." Tutaongea! Nilitaka kukiri. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jumatano, 17 Septemba

Mpango! Nitakula mbele ya watu. Pingili hazina mizizi, kwa hiyo nilinunua muhogo wa kawaida sokoni, nikauchemsha, nikatangaza kwamba ni GMO ileile. Umati ulijaa. Nilitafuna kama waziri anayezindua mradi.

Kipande cha tatu kilikuwa kikavu. Nikashikwa na kwikwi. Haikukoma! Appolinaire alishika kichwa: "Sikilizeni! Karani anageuka chura!" Mama mmoja aliniomba niinue shati waone kitovu. Nikainua. Wakainama wote kutazama. Mmoja akasema kipo, lakini kimeanza kufifia.

Nikakimbia.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilipokimbia nilisahau kufunga ghala. Asubuhi nilimkuta humo mbuzi wa Appolinaire, amelala juu ya pingili, anatafuna. Nikamsukuma nje, lakini mwenye mbuzi alimwona na kipande mdomoni. Ametangaza kwamba mbuzi akifa, mimi nitakwenda polisi na pingili zitakwenda motoni. Watu wamemzunguka mbuzi kama wako matangani. Jioni alikataa majani. Nilimpelekea maji. Hakunywa. Alinitazama tu, kama shahidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Alfajiri mbuzi alianguka, akaanza kuguna. Nilichukua begi na diploma yangu, nikapanda gari la kwanza kwenda Mbarara. Mjini kila mtu alinitazama kama muuaji wa mbuzi. Trafiki alipiga filimbi, nikainua mikono. Kumbe alikuwa anasimamisha boda.

Saa saba Nathalie alipiga simu, anacheka. Mbuzi amezaa mapacha! Majike, vitovu vipo. Appolinaire hakujua hata kama mbuzi wake ana mimba. Alidhani amenenepa kwa unga wake. Sasa watu wanagombania pingili na hakuna wa kuzigawa. Nikahisi mtego wa polisi. Nikasema nataka kuongea na mbuzi. Akampelekea simu. Mbuzi akalia. Nikarudi.

Foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Madamu Ninsiima amesimama juu ya lori, na kipaza sauti: "Hii ni muhogo ya kawaida! Wamechanganya maua ya muhogo hii na ya ile, wamechagua yenye nguvu. Ile ya GMO bado iko kwa majaribio, ndani ya uzio wa senyenge, hatugawi. Na haileti mapacha! Siku ikifika, mtauliza maswali kwanza."

Mama Chantal hakungoja siku ifike. Aliuliza swali lake palepale.

"Kata, panda, patia na jirani," Madamu akajibu.

Mama Chantal alibeba mzigo mmoja kichwani na mwingine kwapani, akaondoka anaimba. Appolinaire naye alichukua miwili. Alidai ni ya mbuzi.

Madamu aliuliza nani alianzisha uvumi. Nathalie alinitazama. Akanyamaza!

Ijumaa, 3 Oktoba

Madamu ameniongezea miezi mitatu ya majaribio. Nimeapa: kuanzia sasa ni ukweli mtupu.

Leo yamefika maharage mapya yenye madini ya chuma, mazuri kwa wajawazito. Nathalie aliuliza yana nini. Nikasema ukweli: yana chuma. Ningeishia hapo. Lakini alikuwa bado ananitazama. Nikaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kitaalamu haifai kuyapanda karibu na nyumba, kwa sababu ya radi.

Sasa ni saa kumi. Mawingu yanakuja kutoka ziwani, na watu wanayarudisha maharage mbio mbio.

Kwa hiyo ukinihitaji, usije ghalani. Usipige simu, naogopa namba nisizozijua. Nenda kwa mama Chantal, sema umeleta jembe. Niko shambani kwake, mstari wa mwisho. Muhogo umechipua wote, hata pingili moja haikufa, ila bado ni mfupi kama kidole, kwa hiyo nimelala chini. Piga mluzi kwanza. Na uje na mandazi.