Maharagwe ya Mama Émilienne na Mahindi Yangu

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano wa kwanza wa bustani, nyuma ya ukumbi wa kanisa hapa Walthamstow. Nilifika mapema, na jembe jipya, nimevaa koti la uenyekiti. Jembe halikuguswa!

Mtaalamu anaitwa Reshma. Mhindi, kazaliwa Kisumu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kwa nini? Anafundisha kilimo kinachoitwa permakalcha. Ati kanuni zake zinafaa mimea na watu pia, kwa hiyo vikundi vyetu vitaungana polepole bila kugombana. Kanuni ya kwanza: tusiguse kitu. Tukae tuangalie. Jua linapita wapi, maji yanatuama wapi, nani anapenda kuketi na nani. Nikamuuliza tangu lini shamba likalimwa kwa macho. Akacheka. Mtu anayeangalia ardhi bila kuilima ana mpango nayo, hilo nalijua.

Vikundi ni vitatu. Sisi Wakenya. Akina mama wa Kongo, wanaongozwa na Mama Émilienne wa Bukavu. Na Mbarouk, Mzanzibari anayefanya kazi kwenye mkahawa wa Edgware Road. Anasema wenzake watakuja. Mpaka leo kikundi chake ni yeye na chupa yake ya kahawa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tisa kanisa litakabidhi bustani kwa kamati moja yenye mwenyekiti mmoja. Mimi ni mwenyekiti wa Wakenya mwaka wa kumi na moja sasa. Nikikosa hicho kiti nitakuwa nani London hii? Keya, mtunza wazee wa shifti ya asubuhi, basi.

Jumamosi, 24 Mei

Tumepanda. Reshma alitaka kila kikundi kilete mmea mmoja wa kwao. Nikawahi kusema mahindi kabla mtu hajafungua mdomo. Mahindi ndiyo marefu. Yataonekana hata kutoka barabarani!

Mama Émilienne akaleta maharagwe. Nilicheka moyoni. Maharagwe hukaa chini. Mbarouk akaleta mbegu za boga, kazifunga kwenye leso kama dhahabu.

Reshma akasema vyote viingie shimo moja. Ati tunaunganisha, hatutenganishi. Nikatoa kamba yangu, nikapima mipaka: huku Kenya, kule Kongo, boga likae pembeni. Akasema kwa upole kwamba mahali vitu viwili vinapokutana ndipo panapozaa zaidi. Maneno matamu. Nikageuka, na Jane, mke wangu wa ndoa, alikuwa ameshachukua kamba yangu akafungia mlango wa banda la zana.

Jumatano, 9 Julai

Kashfa! Maharagwe yanapanda!

Nimeyaona kwa macho yangu. Yamejizungusha kwenye mabua ya mahindi yangu, yamefika kifuani, na bado yanainua vichwa. Kwetu Machakos maharagwe yanakaa chini kwa adabu zake. Hayagusi mtu. Nikamwita Mama Émilienne, nikamtaka aeleze. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema kwao Bukavu, "Maharagi iko inapanda tu, papa." Huko huyapa miti ya kupandia. Hapa Reshma kamwambia miti si lazima, mahindi yapo.

Kwa hiyo miti ni sisi! Kikundi cha Wakenya, na katiba yake na muhuri wake, kimefanywa kijiti cha kupandia!

Na si mimea tu. Solomon, mwanachama wangu, mwanafunzi niliyempokea mwenyewe Heathrow, sasa anamwita Mama Émilienne "Mama" na anambebea maji. Jane anaimba nao. Kwa Kilingala! Nilimuuliza Jane wimbo unasema nini. Akasema hajui, lakini unampendeza. Hivyo ndivyo watu wanavyomezwa.

Nimeanza kuwachunguza kutoka nyuma ya banda. Kila siku nikitoka shifti. Leo nimekuta kiti mahali pangu pa kujificha. Kiti kizuri, kina mto. Nani kakiweka? Anataka nini? Nimekikagua chini na juu. Kisha nimekikalia, maana mguu wangu mbovu uliniuma.

Jumamosi, 19 Julai

Nimechukua hatua.

Nimekwenda peke yangu kabla wenzangu hawajafika. Nimeyafungua maharagwe moja moja. Yana ukaidi hayo! Mengine ilibidi niyavute kwa nguvu mpaka bua lenyewe likatikisika na mizizi ikalia. Nimeyalaza chini, mahali pake. Kisha nikaligeuza boga la Mbarouk, lililokuwa limetandaza majani yake mapana kwenye miguu ya mahindi yangu, nikalielekeza kwenye ua wa jirani. Nikabakiza mstari wa mwisho tu, mgongo ulikataa.

Nikasimama nikatazama. Mahindi yamesimama peke yake, huru. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema.

Nageuka, Mbarouk huyu hapa! Kasimama na chupa ya kahawa. Akaniamkia. Akauliza hali yangu, ya Jane, ya kazi, ya mguu wangu. Akanimiminia kikombe. Akatazama maharagwe yaliyolala, akatazama boga lake, akarudi kuuliza mguu. Basi! Hakusema hata neno. Mtu wa namna gani huyu anayenyamaza?

Jumapili, 20 Julai

Upepo.

Mahindi yangu yote yako chini. Yote, isipokuwa mstari wa mwisho, ule ambao sikuufikia. Ule umesimama, umefungwa na maharagwe toka chini hadi juu.

Nimewaza sana. Jibu ni moja: maharagwe yalijua.

Jumanne, 22 Julai

Mkutano wa dharura. Nilizungumza wa kwanza. Nikalaumu mbweha. London imejaa mbweha, kila mtu anajua. Nikaongeza kwamba huenda kuna mtu wa nje asiyependa umoja wetu. Mbarouk akakohoa. Jane akatazama viatu vyake. Reshma akasema kanuni inatutaka tusikilize shamba linapotujibu. Nikangoja waniulize maswali. Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lililonichoma.

Mama Émilienne akainuka, akatoa kitenge cha zamani kwenye mfuko wake, akakichana vipande. Akachomeka vijiti ardhini, akaanza kuinua bua moja moja na kulifunga, udongo akiurundika miguuni mwake. Akaniita nimshikie. Nikashika. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bua likianguka si lazima life, mradi mzizi mmoja bado unakunywa. Kisha akasema pole, papa. Pole ya nini? Anajua? Nilijisikia mdogo, mdogo kabisa, nikatamani kumwambia yote palepale.

Kisha nikatazama nyuma. Mahindi ya Kenya, kila moja limevishwa kitenge cha Kongo, mstari mzima, kama gwaride! Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya uchaguzi. Mahindi yamezaa. Si sana, lakini yamezaa. Jane alipika githeri, sufuria kubwa: mahindi yetu, maharagwe yao, na majani ya boga ndani. Nilikula sahani tatu ili nipate ushahidi. Ni tamu. Inaudhi.

Mwenyekiti: Mama Émilienne. Nani kapendekeza jina lake? Jane! Mke wangu! Nani kaunga mkono? Solomon! Mikono yote ikapanda. Miaka kumi na moja, jamani. Nikainua wangu pia, nisije nikaonekana nimebaki peke yangu.

Kisha Reshma akasema kuna cheo kimebaki, na ni cha mtu mmoja tu. Mwangalizi wa Bustani. Kwa sababu kanuni ya kwanza ni kuangalia, na kiangazi chote hakuna aliyeangalia kama mimi. Nikashtuka. Kumbe wote walikuwa wakiniona nyuma ya banda! Na kile kiti? Mbarouk ndiye aliyekiweka. Alisema tu, kwa sauti yake ya taratibu, kwamba aliona nasimama sana na mguu wangu mbovu.

Reshma akamalizia kwamba katika permakalcha tatizo halitupwi, tatizo ndilo suluhisho. Watu wakapiga makofi, akina mama wa Kongo wakapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi, kwa nguvu. Nimefurahi, siwezi kukana. Mwangalizi! Bustani nzima chini ya macho yangu.

Kwenye basi nikamuuliza Jane: tatizo alilosema Reshma, alimaanisha nani? Jane akageukia dirishani. Mabega yakawa yanatikisika mpaka kituo chetu. Alipogeuka alikuwa anafuta machozi.

Nimelitafakari mwenyewe nikapata. Mtu anayeona kila kitu na hasemi. Mtu anayekuletea kiti bila kuulizwa. Bila shaka ni Mbarouk.

Kesho nakihamishia kiti upande wa pili wa banda, nimwone vizuri.