Hotuba ya Mahafali ya Kwanza ya Kituo cha Kutuliza Mikono

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi; Mheshimiwa Makamu wake; Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti na Maturubai; wawakilishi wa wadau; wawakilishi wa wale ambao hawakupata mwakilishi; wahitimu wetu arobaini mliokaa mstari wa mbele; wake zao mliokaa mstari wa nyuma kabisa, kwa hiari yenu; mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau, basi ajihesabu kuwa ametajwa mara mbili. (Makofi.)

Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa wanaonifahamu watawaambia kwamba sina sababu ya kuwa mnyenyekevu. (Vicheko. Mpiga picha anaambiwa apige tena.) Leo tunawakabidhi vyeti wanaume arobaini ambao mahakama iliwatoa majumbani mwao kwa kosa la kuwapiga wake zao, ikasema wasirudi mpaka watibiwe. Wapo waliosema tuwafunge tu. Mimi nikasema hapana, tuwe na programu ya kisasa, shirikishi, mtambuka na endelevu, yaani tiba inayozingatia majeraha ya moyoni. Wataalamu wanasema anayepiga huenda naye alipigwa utotoni, na ile hofu ya zamani ikageuka ngumi, kwa hiyo, baada ya kumwambia kwamba kosa ni lake na atalibeba mwenyewe, tunamuuliza pia, "Wewe ulipatwa na nini?" Swali hilo nimelisoma kwa macho yangu katika kijitabu, ukurasa wa kwanza. (Makofi. Sauti: "Na ukurasa wa pili?") Ukurasa wa pili uko katika hatua za utekelezaji.

Nije kwenye takwimu. Mahudhurio yetu ni asilimia mia moja kwa wiki zote kumi na mbili, na rekodi hii, ndugu zangu, tuliifikia siku ya kwanza! (Minong'ono.) Siri yake ni ubunifu wangu: badala ya kuwasumbua watu wasaini daftari kila Alhamisi, tuliwaomba wasaini wiki zote kwa pamoja, asubuhi moja, kabla ya chai.

(Mhitimu mmoja, fundi seremala, anasimama: "Mheshimiwa, mimi nilirudi Alhamisi ya pili. Mlinzi akaniambia nimeshahudhuria.") Na mlinzi alisema kweli! ("Nikarudi ya tatu. Nikarudi zote. Nilikuwa na jambo la kusema, nimelificha tangu nina miaka saba. Nikawa nakaa kwenye benchi la koridoni mpaka wanafunga ofisi.") Mnaona, ndugu wananchi, utulivu wa mhitimu wetu? Alhamisi kumi na moja kwenye benchi gumu, bila kumgusa mtu! Katibu, andika hilo chini ya mafanikio. (Vicheko. Fundi seremala hacheki.)

Naendelea. Kila mwenye cheti mkononi anaruhusiwa kurudi nyumbani kwake leo hii, kabla chakula cha mchana hakijapoa. (Mwanamke mmoja anasimama mstari wa nyuma. Ni mshona nguo, mke wa fundi seremala.) Mama, maswali ni mwishoni. ("Mwishoni nitakuwa nimeshafungiwa ndani naye, Mheshimiwa. Nauliza sasa.") Haya, kwa kifupi. ("Mkono wangu huu haujanyooka mpaka leo. Cherehani napiga, lakini mkasi anashika binti yangu. Huyu baba watoto akibisha hodi na karatasi yako, sheria inataka nifungue. Niambie, katibiwa na nani? Katika chumba kipi?") (Turubai linapigwa na upepo.)

Swali zuri sana, na uzuri wake ni kwamba halihitaji jibu. (Mstari wa nyuma wote: "Jibu, baba!") Chumba, mama, ni dhana pana. Kuhusu mtaalamu, nafasi tuliitangaza. Muuguzi mmoja aliyesomea kazi hii akaleta barua ya maombi, nasi tukaihifadhi mahali salama sana, salama kiasi kwamba hatujaiona tena. (Sauti ya kike: "Muuguzi mwenyewe ni mimi hapa!") Karibu sana, dada. Kaa.

(Fundi seremala anapanda jukwaani, anaweka cheti chake mezani. "Mama watoto, usifungue. Nitaendelea kulala kwa dada yangu mpaka nitibiwe kweli. Karatasi hii haijui nilichokufanyia." Mkewe: "Sijasema nimekusamehe." "Najua." Wahitimu wengine wawili wanamfuata na vyeti vyao. Muuguzi anaazima kalamu, anaanza kuandika majina ya wanaotaka kutibiwa.)

Jamani, msijaze meza, picha ya pamoja bado! Tuhitimishe kwa kaulimbiu zetu, itikieni kwa nguvu. Mikono mitulivu! (Kimya.) Nyumba salama! (Mstari wa nyuma: "Lini?") Kituo chetu, fahari yetu! (Sauti: "Kiko wapi?")

Mwisho kabisa ni shukrani. Namshukuru mwenye turubai. Namshukuru mchoraji wa picha hii kubwa ya jengo iliyo nyuma yangu, na wale waliokwenda kutafuta mlango warudi wakae, mlango umechorwa. Nawe, mama mshona nguo, nakushukuru kwa ufuatiliaji wako makini: kwa kuwa jengo halijajengwa, mtaalamu hajaajiriwa, na tiba haijatolewa hata siku moja, ofisi yangu inathibitisha rasmi, kwa sahihi na mhuri, kwamba mume wako hajapona, na usimfungulie. Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Makofi marefu kuliko yote, kutoka mstari wa nyuma.)