Gogozi na Jicho Langu la Kulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo karakanani kumewaka! Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka na ndiye mwenye karakana sasa, kaleta boksi la miwani ya kinga. Mikubwa, ina mpira wa kisogoni. Ukiivaa unafanana na chura aliyefiwa. Kasema tajiri anayetaka kutuagiza mageti hatoi kazi kwa mafundi wanaokata chuma macho makavu. Halafu akatoa la kutoa: Ijumaa tusimame tuwaeleze wenzetu hiyo miwani, na atakayeeleza vizuri ndiye msimamizi.

Msimamizi! Nani kama mimi? Nilikuwa nachomelea vyuma huyu fundi kijana tunayemwita Spana bado ananyonya. Ila huyo Spana, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwapani, kaishasoma maandishi ya boksi. Kasema inaitwa gogozi, Kiingereza chake "goggles". Kaniuliza mbele ya watu, mzee unajua maana yake? Nikasema najua mpaka asili yake. Ulimi huu! Nikawaambia ni neno letu. Babu yangu alibeba gogo la watu sita, peke yake, anapiga mluzi. Mwingereza akapita, macho yakamtoka, akaandika "gogo". Walicheka mpaka wakakaa chini. Shemeji hakucheka. Kasema Ijumaa anataka ukweli, na wa hilo jina pia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepita kwa mpwa wangu anayefundisha Kiingereza. Nikajifanya nasalimia tu. Kanigundua kabla sijakaa: Mjomba, umedanganya nani tena?

Basi kanieleza. Neno lilianza zamani sana, na halikuwa miwani. Lilikuwa kitendo: kuzungusha macho, kutazama kimakengeza. Baadaye likawa kukodoa, kama mtu aliyekuta nyoka bafuni. Lilikotoka kabla ya hapo hata wenye kamusi hawana uhakika, labda linaiga kitu kinachoyumbayumba. Miwani ilikuja nyuma kabisa, ikarithi jina. Nikasema aaa, kumbe jina ni la macho, kioo kimedandia! Kasema ndiyo, lakini Mjomba usije uka... Nilishafika barabarani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mazoezi. Mpango wangu: Ijumaa nikodoe kwanza, nizungushe macho, Spana azimie. Nikaona nijaribu kazini, nikakata bomba kwa grainda, uso mtupu, macho nje kama mataa ya lori.

Cheche. Kitu kikaingia jicho la kulia.

Nimeosha kwa maji. Wapi. Fundi rangi kanipulizia, pumzi yake vitunguu vitupu. Bado kipo. Spana kauliza mbona nalia. Nikasema namkumbuka marehemu kaka. Shemeji akasikia, akaanza kulia na yeye. Mungu nisamehe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jicho limeiva. Nikifumba linakwaruza, nikifumbua linakwaruza zaidi. Asubuhi nimeziba la kushoto, nikaitazama kalenda ukutani. Hakuna kalenda. Ukungu tu. Nimekaa kitandani.

Mke wangu kasema hospitali, sasa hivi. Nikasema kesho, nikishapata usimamizi. Kasema, msimamizi kipofu utasimamia nini, giza? Nikajifunika shuka gubigubi. Mimi!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimevaa gogozi tangu nyumbani, vioo vimejaa ukungu wa jasho, jicho halionekani. Mbwa wa jirani kanibwekea kama mgeni. Shemeji kaniona, kafurahi: haya, mtazameni mzee, mfano huo!

Nikasimama. Nikasema ya mpwa wangu yote, bila kutia chumvi. Kazi ngumu hiyo kuliko kuchomelea ndani ya maji. Mafundi wakasogea karibu. Spana kameza mate. Usimamizi niliuona kabisa, uko mlangoni, unavua viatu.

Spana akainua mkono. Mzee, hebu vua, utuonyeshe hayo macho ya kukodoa.

Jasho. Nikasema gogozi haivuliwi kazini. Kasema sasa hivi hakuna anayefanya kazi. Wenzangu wakaanza: vua, mzee, vua! Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Shemeji akasogea, taratibu, akanivua kwa mkono wake. Akatazama. Akapiga ukelele uliozimisha redio ya fundi rangi.

Hospitali. Daktari kanishika kidevu, kasema usipepese. Akaleta sindano. Sindano! Jichoni! Katoa kipande cha chuma kama chembe ya chumvi. Kasema ningechelewa kidogo tu, jicho lilikuwa linakwenda. Hapo nimelia kweli, na marehemu hakuhusika.

Usimamizi kapewa Spana.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Jicho linaona! Nimerudi kazini. Amri ya kwanza ya Spana: mzee, gogozi muda wote. Nimetii kama mtoto wa kambo. Shemeji kanisifu.

Tatizo moja. Joto likipanda vioo vinapata ukungu, sioni alama ya kukatia. Wenzangu walipokwenda kula nikachukua bisibisi, nikabandua vioo vyote viwili. Safi! Upepo unapita, naona mpaka kutu. Mpira upo kisogoni, fremu ipo usoni, nani atajua? Na jina si la macho? Macho yamo.

Nimekata mabomba mpaka jioni. Spana kapita, kanigonga bega, kawaambia mafundi wote: igeni mzee.

Wawili wameshakuja kuazima bisibisi yangu.