Jiwe la Pijo ya Baba

Jamani, leo Kimilili nzima imenijua, na si kwa uzuri. Naandika kutoka cyber moja hapa Bungoma, bado nimevaa suti ya harusi, na kola ina manyoya ya jogoo. (Msiulize. Nitafika huko.)

Mnaikumbuka Pijo 404 ya marehemu baba, ile nyeupe iliyotupeleka bweni shule zikifunguliwa? Basi mnakumbuka na breki zake. Baba alianza kuzipampu tukiwa bado mbali: kanyaga, achia, kanyaga, achia, mpaka gari likubali. Mama alikaa kando yake na jiwe miguuni. Gari likisimama tu, anashuka kuliweka nyuma ya gurudumu. Sikuwahi kuwasikia wakigombana juu ya lile jiwe. Nadhani ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Tangu tumzike baba, Mama alikuwa hajaingia tena ndani ya Pijo. Alitaka iuzwe, na dalali alikuwa ameambiwa aje Jumatatu. Nikamwomba nafasi moja: nitengeneze breki, kisha leo Pijo imchukue binamu yangu Nafula kanisani akishafunga ndoa. Isipotuaibisha, ibaki. Akakubali shingo upande.

Fundi Wanjala wa Kitale akatoa dramu za mbele, akafunga diski, akabadilisha mipira na mabomba, akaweka na busta ya kuzidisha nguvu ya mguu. "Sasa hii ni kugusa tu," akaniambia. "Usipampu kama mzee." Nikamwambia mimi si mtoto. Wiki nzima niliizungusha mjini peke yangu, ikasimama vizuri kabisa.

Leo asubuhi tukaondoka Kitale kwenda Kimilili. Mama mbele, nyuma shangazi Nekesa na jogoo wawili wa zawadi. Mama alikuwa amepakata mkoba wake. Tulipopita Kamukuywa akaanza kunionyesha: pale baba yako alinunua viazi, pale tulisukuma gari na mvua inanyesha. Moyo wangu ulitulia. Nikajua Pijo imebaki.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kanisa kuna mkaratusi mkubwa. Kila tulipokuja huku, baba alikuwa anaanzia kupampu hapo. Mbele kabisa niliona bibi arusi, kwaya na mtu wa video wakitungoja. Nikaongeza mwendo kidogo. (Nilitaka waone inavyosimama.) Tulipofika kwenye ule mti, Mama akasema kama alivyomwambia baba miaka yote:

"Baba Simiyu, anza."

Mguu ukatii. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Pijo ilisimama papo hapo. Sisi hatukusimama. Nilibusu usukani, honi ikalia. Jogoo mmoja akatoka kwa shangazi akatua shingoni mwangu. Kilemba cha Mama kikamfunika macho. Na kwa kuwa mguu ulikuwa umeshaanza, haukujua kuacha. Achia, kanyaga, achia, kanyaga, hivyo hivyo mpaka mbele ya kwaya, Pijo ikiinama na kuinuka kama inayosalimia wakwe. Kwaya ikaacha kuimba.

Mwishowe ikatulia. Nilidhani aibu imeisha. Kumbe Mama ameshafungua mlango, kilemba bado kiko usoni, na ameshuka na jiwe. Lile lile! (Asubuhi nilishangaa mbona mkoba wake ni mzito.) Akaliweka nyuma ya gurudumu, mahali tambarare kabisa, akapangusa mikono, akamgeukia mtu wa video.

"Sasa bibi arusi anaweza ingia."

Watu walicheka mpaka mchungaji akaegemea ukuta. Nafula alilia kwa kicheko, poda yote ikaharibika. Mimi nikashuka na jogoo wangu nikijua Pijo imeuzwa. Nikamwambia Mama anisamehe, nimetuaibisha. Ndipo nikaona na yeye anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mazishi, na nusura nilie mbele ya wakwe.

"Breki ni mpya," akasema, "lakini huo mguu ni wa baba yako. Huyo dalali mwambie asikuje."

Kwa hiyo Pijo iko hapa nje ya cyber, jiwe nyuma ya gurudumu. Mama amekataa kabisa litoke. Kanda ya video tutaiangalia kwa akina Nafula Jumapili ijayo baada ya ibada. Kama nyinyi ni marafiki zangu kweli, siku hiyo kaeni kwenu.