Mtutu wa Mpingo

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi lisome peke yako na usimsimulie mtu hata nukta moja. Si mke, si mchungaji. Hasa usimsimulie mtu yeyote wa kampuni ya ulinzi yenye ofisi Kinyerezi, pale zinapopita nyaya nene za umeme. Humu ndani kuna ajira ya mtu. Yangu.

Naitwa Adelard. Karani, bado kwenye majaribio. Tuko wawili, mimi na Brightson, na nafasi ya kudumu ni moja. Jibu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikikosa, narudi Muleba kwa baba mdogo kusimamia mashine yake ya kukoboa kahawa, na kumsikiliza baba mdogo.

Leo mkurugenzi wetu, Madam Tupokigwe, ametuita. Kampuni inanunua bunduki mpya kwa walinzi wa mgahawa wa Msasani, ule ulio ufukweni kabisa. Swali lake: zinunuliwe nyeusi, ambazo chuma chake huchovywa dawa mpaka king'ae weusi wenye ubuluu, au za stenlesi, nyeupe kama geti la tajiri? Brightson akadakia kabla sijameza mate. Stenlesi, Madam, zitaendana na vyuma vya mikanda mipya.

Mie nikasema nyeusi. Sikuwa na sababu. Sababu ilikuwa Brightson.

Madam akaamuru jaribio. Afande Mudathir, mtunza silaha, atafungua mitutu ya bunduki mbili kuukuu, mmoja mweusi na mmoja wa stenlesi. Mitutu tu. Na kwa kuwa barua yangu ya maombi inataja uzoefu wa silaha, mimi ndiye nitakayeichovya kila asubuhi kwenye maji ya bahari, niifute kwa mikono yangu, niandike kutu imefikia wapi.

Uzoefu wenyewe ni gwaride la skauti. Tulibeba fimbo. Neno fimbo sikuliandika.

Jumanne, 13 Agosti

Afande Mudathir ameileta mitutu stoo ya nyuma. Nimemwamkia kutoka nje ya mlango. Mtu mzima wa Tunduru, mpole, anashika bunduki kama wengine tunavyoshika kikombe. Akaniambia niingie, haing'ati. Nikamwomba aitumbukize yeye kwenye beseni, maana nina kidonda kidoleni. Akaomba akione. Nikasema kimepona sasa hivi.

Akatumbukiza. Nikafunika beseni kwa gunia, nikitumia mpini wa fagio.

Najua mtutu mtupu hauwezi kulia. Nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita na nikapata B. Miguu yangu haikusoma.

Jumatano, 14 Agosti

Wazo! Nimeaga kuwa nakwenda benki, nikaenda Mwenge kwa wachongaji. Pale nikampata Mzee Albano, Mmakonde, mikono yake kama mizizi. Nikamwagiza mitutu miwili ya mti, urefu na unene ule ule. Nitaifanyia mazoezi mpaka mikono izoee, kisha nihamie kwenye ya kweli. Wa stenlesi aupake rangi ya fedha. Kuhusu mweusi, alikataa katakata habari ya rangi. Mpingo una weusi wake, akasema, na akiupiga kiwi ya viatu utatoa huo ubuluu ninaouimba.

Akauliza vya nini. Nikamweleza yote, kwa kuwa ana sura ya kutunza siri. Aliweka patasi chini, akanitazama.

"Mjukuu wangu, mashetani nimechonga ya kila aina," akasema kwa sauti ya kufika banda la tatu. "Anayeogopa bomba bado sijamchonga. Hebu kaa hapo, geuka kidogo upande wa mwanga."

Mabanda yote yalicheka. Nimemlipa, nikamkumbusha kuhusu siri.

Ijumaa, 16 Agosti

Mitutu imefika, imeviringishwa kwenye mkeka. Mizuri ajabu. Naishika bila shida yoyote, hata kwa mkono mmoja.

Asubuhi saa ya jaribio ilipofika, nilisimama mbele ya gunia. Gunia likanitazama. Nikachovya ile ya mti, kwa mazoezi. Lakini jedwali lilitaka kujazwa, na nafasi tupu kwenye jedwali huonyesha uzembe. Nikaandika: Mweusi, kutu hakuna. Stenlesi, kutu hakuna. Humo hamna neno la uongo.

Jumatatu, 19 Agosti

Kutu hakuna. Rangi ya fedha imeanza kubanduka kwa chumvi. Nimeandika: Stenlesi, dalili za kuchoka. Mpingo unazidi kung'aa.

Brightson amechungulia dirishani, akauliza kama braza nimeshaelewa kuwa stenlesi ndiyo habari ya mjini. Nikamwambia asubiri takwimu. Akasema takwimu atazisubiri akiwa amekalia kiti changu, maana chake kina mguu mbovu.

Jumatano, 21 Agosti

Stenlesi wangu umebanduka nusu nzima. Mweusi kama umezaliwa jana. Nilijiuliza kidogo kama mti hushika kutu. Swali hilo nimeliweka pembeni, halina safu kwenye jedwali. Nimechora grafu ya rangi mbili. Imenishawishi hata mimi.

Afande Mudathir aliuliza kazi inakwendaje. Nikamsomea. Akakunja uso. Akasema kwa pwani hii, bunduki nyeusi isipopakwa mafuta huanza kushika kutu kabla mlinzi hajamaliza chai. Stenlesi nayo hushika kutu, ila huchelewa kusema. Anayenunua nyeusi, anunue na mlinzi mwenye bidii. Nikamjibu kuwa sayansi imesonga mbele. Akasema haya, karani.

Ijumaa, 23 Agosti

Nilivaa tai. Nilisoma ripoti, kurasa nne, na grafu nikaipitisha mkono kwa mkono. Madam alisikiliza huku fomu ya agizo iko mezani: nyeusi, kumi. Brightson alikuwa amenywea kwenye kona. Nilimwonea huruma kwa dakika moja hivi.

Madam alifungua kalamu. Kisha akasema, kabla ya kusaini, aione hiyo mitutu yenye maajabu.

Nikaileta mwenyewe, kwa mikono miwili, bila kutetemeka. Hilo naomba likumbukwe.

Afande Mudathir aliuchukua mweusi. Akaupima uzito mkononi. Akauweka jichoni, auone mwanga wa upande wa pili. Akaugeuza, akachungulia tena. Mzee Albano hakutoboa tundu.

"Madam," akasema taratibu, "risasi ya mtutu huu itabidi izungukie nje."

Brightson aliomba ruhusa ya kutoka akachekee nje. Madam hakucheka. Aliuliza mitutu ya kampuni iko wapi. Nikaonyesha kwa kidole.

Wote tukaenda stoo. Afande akafunua gunia. Siku kumi ndani ya maji ya bahari, haijaguswa na mtu. Mtutu mweusi ulikuwa mwekundu kama barabara ya kwetu Muleba, na maji yenyewe yamekuwa chai. Wa stenlesi ulikuwa na vidoa vitatu. Afande akapitisha kitambaa, vikabaki viwili.

Madam aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Adelard, jaribio hili ni kali kuliko nililoagiza," akasema. "Tena limekamilika. Aliyekosekana ni wewe."

Akarudi, akafuta nyeusi, akaandika stenlesi, akasaini. Nafasi ya kudumu amepewa Brightson. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, chini ya Afande Mudathir. Kazi ya kwanza ni kuusugua ule mwekundu mpaka kutu iishe. Kazi ya pili ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwenda uwanja wa shabaha pamoja na walinzi. Risasi tano. Nikishindwa, kahawa.

Jioni Afande alinifuata kwenye ngazi. Akaniambia siku yake ya kwanza alitapika mbele ya kikosi kizima, na hakuna aliyekufa. Akasema nisiwe na wasiwasi, atasimama nyuma yangu mwanzo hadi mwisho.

Nilimshukuru. Maneno yake yamenisaidia sana, kama nitakavyoeleza.

Jumapili, 25 Agosti

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Kosa lilikuwa moja tu, tundu. Mchongaji makini angetoboa. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro.

Sasa Jumamosi. Afande amesema atasimama nyuma yangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mwanzo hadi mwisho atakachokiona ni kisogo. Kwa hiyo ninachohitaji ni kisogo kinachofanana na changu.

Ndiyo maana naliacha daftari hili, kwa makusudi, kwenye benchi la mama ntilie sokoni Tandika. Kama wewe uliyelisoma una urefu wa futi tano na inchi sita, masikio yaliyosimama kidogo, na hushtuki kwa mlio, nipate hivi. Njoo Tandika, uliza nyumba ya Ma Clara fundi cherehani, ninakopanga. Usilitaje jina langu, sema umekuja kupimwa suruali. Ukikuta sipo, piga namba iliyo nyuma ya jalada. Ni ya ofisi, hivyo piga saa saba kamili mchana, Brightson akiwa amekwenda kula. Akipokea Madam, sema ni wa kwaya. Akipokea Afande Mudathir, mpe shikamoo, kisha kata. Fika kabla ya Ijumaa jioni nikupimishe miwani yangu.

Na tafadhali sana, usinyoe.